Deni la ndani: utumwa wa jikoni, familia ya Kifilipino, na namna ya kumshika mkono aliyekata tamaa

Mleta uzi:

Wanajamvi, amani iwe kwenu.

Kuna jambo nimekaa nalo zaidi ya miaka kumi bila kuliandika, kwa kuwa kila niliposhika kalamu niliona litageuka kuwa malalamiko ya mtu aliyerudi kutoka Uarabuni, na ya aina hiyo mmekwisha kuyasoma mengi. Leo naliandika kwa sababu wiki iliyopita binti mmoja wa mtaani kwetu alirudi kutoka Ghuba mikono mitupu, na shangazi yake, mbele ya wageni waliokuja kumpa pole, akamwambia, "Tuliuza shamba ili uende. Sasa utatulipa nini?" Nilimtazama yule binti usoni, na mara moja nikamkumbuka mwanamke wa Kifilipino niliyekaa naye jengo moja huko Dammam.

Nilikwenda Saudi Arabia mwaka 2012 kufanya kazi ya ndani, ile ambayo kwetu Mombasa huitwa ushagala. Familia niliyoitumikia ilikaa orofa ya tatu, na orofa ya pili kulikuwa na mfanyakazi wa Kifilipino, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, ambaye alikuwa amekwisha kukaa katika nyumba ile miaka minane. Nilimwita Ate, yaani dada mkubwa, kwa kuwa hilo ndilo neno la kwanza alilonifundisha. Kwao, kama kwetu, mkubwa haitwi kwa jina tupu: kuna ate na kuya (dada na kaka mkubwa), kuna tita na tito (shangazi na mjomba), kuna lola na lolo (bibi na babu), na mtoto akimwamkia mzee huuchukua mkono wake akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe na kusema "mano po", kama vile mtoto wa Lamu anavyoubusu mkono wa babu yake. Mambo hayo yalinifanya nijihisi niko karibu na nyumbani, na nayataja mapema ili asije mtu akadhani nimekuja hapa kuwasema vibaya Wafilipino.

Usiku ninaoukumbuka ulikuwa wa mwezi wa saba wa kukaa kwangu. Nilikuwa sijalipwa miezi minne, simu yangu ilikuwa imefungiwa kabatini, na pasipoti sikuwahi kuiona tena tangu tulipotoka uwanja wa ndege. Nilipanda juu ya paa, mahali tulipoanika nguo, nikiwa na beseni mkononi, na ndani ya beseni hapakuwa na nguo hata moja. Ate alikuwa ameketi kando ya tangi la maji, anakula. Aliliangalia lile beseni, akaniangalia mimi, kisha akaniuliza kwa Kitagalogi, lugha ya Manila, "Kumain ka na ba?" Nilipokosa kuelewa, aliniuliza tena kwa kile Kiarabu chetu cha jikoni: umekula? Hakuuliza ninalilia nini. Alinisogezea sahani yenye wali uliokaangwa kwa vitunguu saumu na samaki wadogo wakavu wenye chumvi kali, ng'onda kabisa, akasubiri nikamaliza. Ndipo akaniuliza, bila kuzungukazunguka, kama nimepanda kule ili nife.

Nikamjibu ndiyo. Hakushtuka, hakuniambia ni dhambi, wala hakunitajia mama yangu. Alisema "Tahan na", neno ambalo kwao huambiwa mtoto anayelia ili anyamaze, akaliondoa beseni mikononi mwangu, na tukakaa pale mpaka adhana ya alfajiri.

Siku zilizofuata nilipomshukuru alinijibu "Walang anuman", maana yake si kitu, na kila niliporudia shukrani zangu alikunja uso. Ilinichukua muda kufahamu kwamba mwanamke yule aliogopa sana kumfanya mtu awe na deni kwake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amezama ndani ya deni tangu utotoni.

Alizaliwa katika kijiji cha kisiwa cha Samar, katika nyumba yenye watoto wengi na chakula kichache. Alipokuwa na miaka tisa, jamaa mmoja wa mama yake mwenye uwezo alimchukua kwenda Manila ili amsomeshe. Mchana alifua, alipika na kubeba watoto wa yule tita. Jioni, kazi zikiisha, alikwenda shule. Mshahara haukuwahi kutajwa, kwa kuwa watu wa familia moja hawalipani. Alipokua, tita huyo huyo alimlipia gharama za kwenda ng'ambo, na tangu mwezi wa kwanza wa kazi Ate aligawa mshahara wake mafungu mawili, moja la mama yake na moja la tita. Nilimwuliza deni hilo litakwisha lini. Hakuwa na jibu, na nadhani hakuwahi kulifikiria kama kitu chenye mwisho.

Wafilipino wana jina la deni hilo: utang na loob. Utang ni deni, na loob ni ndani, yaani ule undani wa mtu, moyo wake. Ni deni la ndani, linalotokana na wema ambao hauwezi kupimwa kwa fedha: mtu aliyekuokoa, aliyekulea, aliyekusomesha. Likiwa kati ya watu wanaolingana, ni jambo zuri mno, kwa sababu leo wewe unanibeba na kesho mimi nakubeba, na hakuna anayeandika daftarini. Lakini likiwa kati ya mwenye nyumba na mtoto wa maskini aliyeletwa na miaka tisa, halilipiki, kwa kuwa aliyetoa ndiye peke yake mwenye kusema limelipwa. Na anayethubutu kukataa huambiwa hana utang na loob, au hana hiya, neno ambalo kwa maana, na karibu hata kwa sauti, ni haya yetu. Kwa Mfilipino hayo ni matusi mazito kuliko ya nguoni.

Ukitazama historia yao utaona kwamba deni na utumwa vilikuwa jirani tangu zamani. Mwaka 1589, miaka 18 baada ya Wahispania kuufanya Manila kuwa makao yao, padre wa Kifransisko aliyeitwa Juan de Plasencia aliandika desturi za Watagalogi, wenyeji wa sehemu za Manila, akaeleza tabaka la watu walioitwa alipin. Walikuwa wa aina mbili. Aliping namamahay alikuwa na nyumba yake mwenyewe, kwani bahay ni nyumba, na alimtumikia bwana wake kwa sehemu ya mavuno na kwa siku za kazi. Aliping sagigilid alikaa ndani ya nyumba ya bwana na aliweza kuuzwa. Mtu aliingia katika hali hiyo kwa kuzaliwa, kwa kutekwa vitani, au kwa kushindwa kulipa deni au faini, na watoto wa mzazi huru na mzazi mtumwa waligawanywa hata mtoto wa pekee akawa nusu huru na nusu mtumwa. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu kwa muda, kwa kuwa lilinirudisha kwa Ate, ambaye nusu yake ilikuwa ya mama yake na nusu ya tita.

Lugha zenyewe zinatoa ushahidi. Sisi tunasema mtumwa, yaani yule anayetumwa. Wao wana neno utusan, kutoka utos, amri au agizo, kwa mtumishi wa nyumbani: ni yule anayeagizwa. Na mlezi wa watoto kwao huitwa yaya, neno hilo hilo tunalolitumia sisi.

Mwaka 2017 jarida moja la Marekani lilichapisha simulizi ya familia ya Kifilipino iliyokaa na mwanamke tangu mwaka 1943, alipotolewa na baba kama zawadi kwa binti yake. Mwanamke huyo aliwalea watoto wa nyumba hiyo, akavuka nao bahari mpaka Marekani, akafanya kazi miongo mingi bila mshahara, na watoto wakamwita Lola, yaani bibi. Wasomaji wa Marekani waliona utumwa mtupu, na Wafilipino wengi wakajibu kwamba watu wa nje hawajui jinsi mapenzi na unyonyaji vinavyoweza kulala chumba kimoja. Mimi naona pande zote mbili zilisema kweli. Walimpenda, na walimtumikisha, na mapenzi yale yakawa kamba.

Haki itendeke: hakuna taifa ninalolijua lililopambana na jambo hili kwa bidii kama wao. Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani, aliponyongwa Singapore tarehe 17 Machi 1995, hasira ya nchi nzima ilizaa, mwaka huo huo, sheria ya kuwalinda wafanyakazi walio ng'ambo. Mwaka 2006 serikali yao iliweka kima cha chini cha dola 400 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayekwenda nje, na ikakataza wakala kumtoza ada. Mwaka 2011 Saudi Arabia ilisimamisha kuajiri wafanyakazi wa ndani wapya kutoka Ufilipino na Indonesia baada ya mvutano juu ya masharti kama hayo, na mawakala wakazidi kugeukia kwetu Afrika Mashariki. Dola 400 ni riyali 1,500. Mkataba wangu ulisema 800. Kisha mwaka 2013 ikaja sheria yao ya ndani iitwayo Batas Kasambahay, ambayo inakataza utumwa wa deni kwa jina lake, na kumpa mfanyakazi saa nane za kupumzika kila siku, siku moja kamili kila wiki, na haki ya kupiga simu. Kasambahay maana yake ni mwenzi wa nyumbani. Waliona kwamba hata jina lilihitaji kubadilishwa.

Hata hivyo sheria haiingii katika neno moja dogo ambalo kila mwajiri analo mdomoni: parang pamilya, kama familia. Sisi tunalo pia. "Huyu ni kama mwanetu." Nawaomba wanajamvi mlitazame hilo neno "kama". Mwana hasa akiumwa hupelekwa hospitali bila kukatwa fedha, akichoka hulala, na akitaka kuondoka kwenda kuanza maisha yake huombewa dua. "Kama mwanetu" akitaka kuondoka huitwa mwizi wa fadhila.

Ndiyo maana nasema kwamba anayetaka kumsaidia mtu aliyekata tamaa, hasa aliye katika kazi za namna hii, aanze kwa kujichunguza asije akamwongezea deni. Tunamwambia, "Fikiria wazazi wako walivyojinyima." Tunamwambia, "Vumilia, ndugu zako wanakutegemea." Tunadhani tunampa sababu ya kuishi, kumbe tunamsomea hesabu ile ile iliyompandisha juu ya paa. Ate aliniokoa kwa sababu alinipa samaki na usiku mmoja, na hakuvihesabu.

Nawasilisha. Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji:

Dada, nimesoma uzi wako wote kwa makini na nakupa pole kwa yaliyokukuta. Hata hivyo nadhani umevuka mpaka. Mimi nililelewa na mjomba wangu Tabora baada ya baba kufariki. Nilichota maji, nilichunga mbuzi, nilipika, na sikulipwa hata senti, lakini nilisoma na leo ni mhasibu. Je, nilikuwa mtumwa? Wafilipino walio ng'ambo wanapeleka nyumbani zaidi ya dola bilioni 30 kwa mwaka kwa sababu ya moyo huo huo unaouita kamba. Tukianza kuwafundisha vijana kwamba shukrani ni utumwa, nani atamlea yatima? Wazee walisema mwacha mila ni mtumwa.

Mleta uzi:

Mkuu, nakushukuru kwa kuuliza swali lenyewe, na nimelala nalo kabla ya kukujibu.

Kuchota maji si utumwa, na kulelewa na mjomba si utumwa. Nilikuwa na maswali matatu ambayo ningependa uyajibu moyoni mwako, si hapa. Watoto wa mjomba nao walichota maji, au ni wewe peke yako? Ulipopata kazi na kutaka kuondoka, uliondoka kwa baraka? Na leo mjomba akikuomba fedha ukakosa, anabaki kuwa mjomba wako? Ikiwa majibu ni yale ninayoyatarajia kwa mtu anayemtaja mlezi wake kwa heshima kama ulivyofanya, basi ulikuwa na familia, na Mungu amlipe mema. Ate hakuwa na hata jibu moja kati ya hayo.

Methali uliyoitaja naiheshimu, na Wafilipino wana ya kwao inayokaribiana nayo, isemayo kwamba asiyejua kugeuka kutazama alikotoka hatafika anakokwenda. Mimi sisemi waache mila. Ndani ya mila zao hizo hizo kuna bayanihan: familia ikihama, majirani huingiza mianzi chini ya nyumba ya miti na makuti, wakainyanyua mabegani na kuipeleka mahali pake papya, na mwenye nyumba huwaandalia chakula, yakaishia hapo. Kuna pia kapwa, neno ambalo msomi wao Virgilio Enriquez aliliweka kuwa kiini cha saikolojia ya Kifilipino. Sisi tungesema mwenzangu, lakini kapwa inakwenda mbele zaidi, kwani inamtazama mtu mwingine kuwa ni mimi mwenyewe nikiwa katika mwili mwingine. Anayemtazama mtoto wa Samar kuwa ni kapwa hawezi kumdai. Kwa hiyo ninapolikataa deni lisilokwisha, nalikataa kwa kutumia mila zao wenyewe, na si kwa kuziacha.

Na kuhusu mabilioni hayo, tangu mwaka 1988, Corazon Aquino alipowaita wafanyakazi wa ng'ambo mashujaa wapya, nchi yao imewasifu sana. Ate alilijua neno hilo. Aliniambia kwamba shujaa haruhusiwi kusema amechoka.

Mchangiaji mwingine:

Samahani kwa kuingilia. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Kilifi, na mdogo wangu yuko Riyadh mwaka wa pili sasa. Zamani alikuwa akituma sauti kila Ijumaa. Mwezi huu ametuma mara moja tu, maandishi, akisema amechoka na dunia na kwamba tumsamehe kwa pesa za safari ambazo hajazirudisha. Mama anasema ni uvivu. Mimi nimesoma habari ya lile beseni nikashindwa kuendelea. Nimwambie nini?

Mleta uzi:

Dada yangu, usingoje Ijumaa. Mpigie leo, usiku baada ya saa za kazi zake, na asiposhika rudia mpaka ashike.

Akishika, usianze na pesa wala na mama. Muulize amekula nini leo na amelala saa ngapi, kisha mwache azungumze, na akinyamaza nawe nyamaza naye, usikate simu. Halafu muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Najua neno hilo linatisha kulitoa mdomoni, na wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampa wazo, lakini haiko hivyo. Aliye nalo tayari hupumua anapopata mtu wa kumwambia. Akikujibu ndiyo, usimhubirie na usimwahidi kwamba itakuwa siri. Muulize kama kuna mtu yeyote karibu naye, hata mfanyakazi wa nyumba ya jirani, anayeweza kukaa naye usiku huo, na wewe mwenyewe ubaki kwenye laini mpaka ampate.

Jambo la pili, mwondolee deni. Mwambie kwa sauti, na wewe ndiye mkubwa wake una mamlaka hayo, kwamba pesa za safari zimekwisha, hazidaiwi, na kwamba akirudi hata na nguo aliyovaa atapokelewa. Ongea na mama kabla ya kupiga, ili asije akaichukua simu na kuiharibu kauli hiyo.

La tatu ni la kazi. Pata kwake picha ya ikama, yaani kibali chake cha kukaa Saudia, au pasipoti kama anayo, jina la mwajiri, mtaa anaokaa, na jina la wakala wa huku na wa kule. Andika barua kwa wakala aliyempeleka, nakala kwa wizara ya kazi na kwa ubalozi wa Kenya ulioko Riyadh, na uweke tarehe. Wafilipino wana nyumba za hifadhi ziitwazo Bahay Kalinga, zinazosimamiwa na ofisi zao za ubalozi, ambako mfanyakazi aliyekimbia hupata pa kulala. Sisi itabidi tugonge milango mmoja baada ya mwingine, lakini barua yenye tarehe hufungua milango ambayo kilio hakiifungui. Na wewe mwenyewe ukizidiwa, piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo, uzungumze na mshauri. Usiubebe mzigo huu peke yako.

Nipo macho mpaka usiku wa manane. Rudi hapa utuambie.

Mchangiaji mwingine:

Alishika mara ya nne. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Nilipomwambia pesa za safari zimefutwa alinyamaza kwa muda mrefu nikadhani simu imekatika, kisha akaniuliza kama mama amekubali, nikampa mama simu, na mama akamwambia, "Njoo nyumbani, mwanangu." Jina la mtaa na la wakala ninayo. Kuna msichana wa Uganda nyumba ya pili, ameahidi kulala chumbani kwake. Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwa wakala na barua.